Kila Kinachochafuka Kitoke

Mara ya kwanza fundi alikuja jioni, mikono mitupu. Hakuwa na msumeno wala uzi, hata penseli ya sikioni hakuwa nayo. Alikaribishwa kiti, akashukuru, akabaki amesimama katikati ya uwanja akiwatazama kuku wa mwenye nyumba wakirudi kutoka vichakani. Wengine waliparamia mwembe. Wengine walijibanza jikoni nyuma ya mafiga, na majike wawili wenye vifaranga wakajipeleka wenyewe chini ya tenga.

"Hao wa mwembeni ndio watakaotupa kazi, mayu," alimwambia mama mwenye nyumba, akimwita "mama" kwa Kisukuma. "Wamezoea juu. Ukiwajengea chini hawaingii."

Ndipo akaanza kuuliza. Mvua kubwa ikija hupiga dirisha lipi? Maji ya mlimani hupita wapi? Siafu waliwahi kukatiza uwanjani? Usiku kuku wakipiga kelele, ni mnyama gani mlimkuta? Mama alijibu moja baada ya jingine: kicheche mara mbili, nyoka mara nyingi, na mchana kenge anayepanda kutoka ufukweni kufuata mayai. Fundi aliitikia kwa kichwa tu, akaondoka kabla giza halijaingia. Kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha.

Nyumba iko Luchelele, kusini mwa jiji la Mwanza, kwenye ukingo wa mashariki wa ghuba. Mawe makubwa ya matale yanatoka ardhini kuanzia mlimani hadi majini, na pale penye udongo, udongo wenyewe ni mwembamba. Mchana upepo hutoka ziwani. Usiku hugeuka, ukateremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Mtu anayejenga banda hapa hana budi kulijua hilo, kwa sababu kuku hufa kwa unyevu na hewa nzito kama wanavyokufa kwa meno ya kicheche, ila kifo hicho ni cha polepole na hakipigi kelele.

Fundi aliporudi na vifaa, jambo la kwanza lilikuwa kuamua banda litazame wapi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu utosini, na linalosumbua ni lile la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa ubavu. Kwa hiyo pande mbili ndefu alizielekeza kaskazini na kusini, ziwe wazi kwa hewa, na ncha fupi za mashariki na magharibi akazipangia kufungwa kwa mbao. Upepo wa ziwani ungepiga ncha ya magharibi, ugawanyike, upite kandokando. Kuku wasingelala kwenye mkondo wa upepo, na hewa isingesimama.

Kipimo kilikuwa futi 10 kwa 7. Mafundi na mabwana mifugo wengi huhesabu kuku wakubwa watano hadi wanane kwa mita moja ya mraba, na mama alikuwa na kuku wasiozidi thelathini na tano. Fundi alipiga vigingi vinne, akafunga uzi, kisha akahakikisha pembe kwa njia waliyoitumia waashi tangu zamani: futi tatu kwenye uzi huu, futi nne kwenye uzi ule, na kati ya alama hizo mbili lazima zipatikane futi tano kamili. Zilipungua kidogo. Akasogeza kigingi upana wa kidole, akapima tena. Kisha akapima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, akikunja uso.

Mashimo sita ya nguzo yalichimbwa kwa mtaimbo, udongo ukitolewa kwa kopo la maziwa. Matano yalifika futi mbili bila tabu. La sita liligonga mwamba kabla ya futi moja, na sauti ya chuma juu ya jiwe ikasikika hadi kwa jirani. Kijana msaidizi alishauri nguzo hiyo ikatwe fupi, isimamishwe juu ya mwamba na kuzungushiwa zege. Ni ushauri ambao wengi wangeufuata. Mashimo matano yalikuwa tayari. Fundi alichuchumaa, akagonga mwamba huku na huku akisikiliza unaishia wapi, kisha akang'oa vigingi vyote vinne na kusogeza banda zima hatua moja kuelekea mwembeni.

"Nguzo tano zikicheza na moja ikikataa, hiyo moja ndiyo itakayopasua paa," alimwambia kijana, akampa mtaimbo. "Tuanze, dogo."

"Sawa, mzee."

Nguzo zilikuwa mirunda ya mkaratusi, iliyobanduliwa magome kwa panga. Gome lililoachwa ni nyumba ya mchwa na baadaye ya utitiri, kwa hiyo alipitisha kiganja kwenye kila mti kutafuta vipande vilivyosalia. Ncha za chini alizipaka oili chafu ya gari, futi mbili na nusu, yaani kupita kidogo usawa wa ardhi, kwa maana mti huoza zaidi pale udongo unapokutana na hewa. Zikaachwa zimeegemea jiwe hadi oili ikanywewa. Siku hizo hakuna kilichojengwa. Mama alikuwa na hamu ya kuona nguzo zimesimama, lakini hakuna aliyemharakisha fundi, na yeye hakuonyesha dalili ya kuharakishika.

Ziliposimama, zikashindiliwa udongo na kokoto tabaka kwa tabaka, timazi ikining'inia kila baada ya tabaka. Juu ya ardhi, usawa wa paja, kila nguzo ilivishwa kola ya bati. Hizi alizikata kutoka mabaki ya mabati, akazikunja mfano wa faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana chini, akaziba ungio kwa misumari miwili. Panya akipanda hufika chini ya kola akakuta dari linaloteleza. Nyoka naye hukwama hapo hapo. Nilizitazama kola zile kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Hazikugharimu karibu kitu, na pengine ndizo zitakazookoa kuku wengi zaidi kuliko kufuli la mlangoni.

Mbao za sakafu zilikuwa za msindano. Kuna mashamba ya miti ya serikali si mbali na mji: Rubya kule Ukerewe, na Buhindi ng'ambo ya ghuba. Zamani mzigo wa ng'ambo ulingoja kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 lori hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli. Fundi hakuwa na habari na historia hiyo. Alikuwa akiinua kila ubao hadi usawa wa jicho, akifumba jicho la pili, na uliopinda akauweka kando kwa matumizi mengine.

Banda lilikuwa la kichanja, sakafu yake mita moja kutoka ardhini, ili mtu aweze kupita chini na fagio na chepe. Sakafu yenyewe ni papi zilizoachiana nafasi ili kinyesi kianguke. Hapa ndipo ufundi wenyewe unapojionyesha, kwa sababu nafasi ikiwa finyu kinyesi kinaganda juu, ikiwa pana mguu wa kuku unazama na kuvunjika. Fundi alikuwa na kipande cha mti mgumu, unene wa inchi moja, kimeng'aa kwa kushikwa. Alikilaza kando ya papi iliyokwisha kupigiliwa, akaisukuma papi mpya hadi ikibane, akapiga msumari upande mmoja, akakihamisha kipande hadi upande wa pili, akapiga wa pili, akakichomoa. Papi moja, kipande, papi nyingine, kipande. Kabla ya hapo kila papi ilikuwa imepitiwa randa kwenye kingo zake za juu ili zisiwe kali. Kuku anayetua kutoka juu kwenye makali ya mbao hupata jipu kwenye wayo.

Kijana alipopewa zamu alikwenda haraka, akakadiria kwa macho. Fundi alirudi, akaweka kipande chake kwenye nafasi ya tatu, kikacheza. Hakusema neno. Aligeuza nyundo, akang'oa msumari, akaulaza juu ya jiwe na kuunyoosha kwa mapigo madogo, akampa kijana msumari uleule pamoja na kile kipande. Baada ya hapo mwendo wa mapigo ya kijana ulishuka, na sikusikia tena msumari uking'olewa.

Kilichonishangaza ni kwamba sakafu hiyo haikupigiliwa kwenye banda. Papi ziliunganishwa kuwa vipande vinne, kila kimoja kizito kiasi ambacho mwanamke mmoja anaweza kukibeba, vikalazwa tu juu ya mihimili. Nilidhani ni jambo la muda. Kumbe ndiyo kanuni yake, na aliitamka mara moja tu, mama alipouliza kama vitapigiliwa baadaye: "Hapana, mayu. Kila kinachochafuka kitoke."

Kuanzia hapo nililitazama banda kwa jicho jingine. Fimbo za kulalia kuku hazikupigwa msumari. Ziliketi kwenye makato yaliyochongwa kwa patasi, zinainuliwa kwa mkono mmoja. Masanduku ya kutagia yalining'inia kwenye ndoano. Hata dari lilikuwa la kutoka. Bati la Mwanza saa nane mchana halivumiliki, basi chini yake fundi alitandaza majamvi ya mafunjo, mafunjo yaleyale yanayoota kwenye kingo za ziwa, na kuyafunga kwa kamba zenye vitanzi. Majamvi hayo yakianza kukalisha wadudu yatafunguliwa, yakung'utwe, yaanikwe juu ya mawe yenye jua kali, yarudishwe. Mabanda mengi niliyoyaona mjini, mengine yamepakwa rangi za kupendeza kweli, yamejengwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Hili lilikuwa likijengwa kwa ajili ya mkono wa mtu atakayelisafisha miaka mingi baada ya fundi kulipwa na kusahauliwa.

Kuta zilikwenda haraka zaidi. Ncha mbili fupi zilifungwa kwa mbao kutoka chini hadi juu kama alivyopanga. Kwenye pande ndefu, futi mbili za chini ni mabanzi yaliyobanwa bila mwanya, ili kuku aliyelala asipigwe upepo wa mguuni. Juu yake ni wavu wa waya hadi kwenye paa. Fundi alikataa ule wavu mwepesi wenye matundu makubwa ya pembe sita. Huo humzuia kuku asitoke, alisema, haumzuii anayetaka kuingia. Alitaka wa matundu ya mraba ya nusu inchi. Akaupiga kwa nje ya fremu, si kwa ndani, ili mnyama akiusukuma auegemeze kwenye mbao badala ya kuung'oa, na juu ya kingo zake akapigilia papi nyembamba mwanzo hadi mwisho. Upande ule ambao mama alisema mvua huja nao, aliongeza pazia la viroba vilivyoshonwa, linalokunjwa juu kwa kamba.

Paa ni la mteremko mmoja, likimwaga maji mbali na mlango. Mabati yalilaliana mgongo mmoja na nusu, na kila msumari ulipigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Pigo la mwisho la kila msumari lilikuwa laini kuliko yaliyotangulia. Kofia ya msumari iguse bati bila kulibonyeza. Bati lililobonyea hukusanya maji na kutu huanzia hapo. Kijana alikuwa chini akimpa misumari, sasa naye akihesabu migongo kwa midomo bila kutoa sauti.

Ndani, fimbo zote ziliwekwa usawa mmoja. Kuku hugombania fimbo ya juu kabisa, na ikiwa hakuna ya juu kabisa ugomvi hupungua. Ziko juu kuliko masanduku ya kutagia, la sivyo kuku wangelala masandukuni na kuyachafua. Masanduku yenyewe ni manane, kila upande futi moja, yamewekwa kwenye kona yenye giza, na vifuniko vyake vimeinamishwa ili pasiwe na pa kusimama. Chumba kidogo cha mwisho kilipewa sakafu ya mbao kamili, isiyo na mianya, kwa ajili ya vifaranga, na humo yakamwagwa maganda ya mpunga, unene wa vidole vinne. Mama aliomba chombo cha chakula kiwekwe ndani. Fundi alikataa kwa upole. Chakula hicho mama hukichanganya na vumbi la dagaa analonunua Mwaloni, Kirumba, na harufu ya dagaa usiku ni mwaliko kwa kila panya wa mtaa. Chakula kiwe nje, mchana.

Mlango ulifunguka kwa nje, bawaba tatu badala ya mbili, makomeo mawili: moja juu, moja chini. Kuku watapanda kwa ngazi ya fito inayoondolewa jioni. Alipomaliza aliingiza kidole kwenye kila ungio, kuanzia mlangoni akizunguka hadi mlangoni. Penye kuingia kidole paliongezwa kipande cha mbao.

Kuku wa mwembeni hawakuja wenyewe, kama alivyosema. Walichukuliwa giza lilipoingia, mmoja mmoja, wakiwa wamelegea kwa usingizi, wakawekwa kwenye fimbo. Walifungiwa siku kadhaa wakapewa maji na chakula humo humo, na hapo tu kanuni ya chakula ililegezwa. Walipofunguliwa, jioni walirudi. Urefu wa kichanja ulikuwa umewaridhisha.

Tangu hapo banda limekuwa la mama, na uangalifu wake nao ni ufundi. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, huinama chini ya sakafu na kusoma kilichoanguka usiku. Kinyesi kigumu chenye kofia nyeupe hakimhusu. Chenye damu, hasa upande wa vifaranga, humfanya atafute dawa ya koksidiosisi siku hiyohiyo. Cha kijani humtia hofu ya mdondo. Kwa mdondo hangoji dalili. Kila baada ya miezi mitatu kuku wote hupata tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, chanjo inayostahimili joto, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu na ambayo sasa hutengenezwa Kibaha. Zamani kuwakamata kuku wote lilikuwa jambo lisilowezekana. Sasa hulifanya alfajiri, wote wakiwa kwenye fimbo: mmoja anashika, yeye anadondosha, anasubiri kuku apepese jicho, anamwachia. Asiposubiri, tone humwagika shavuni na kuku huyo huhesabiwa kuwa amechanjwa wakati hajachanjwa.

Utitiri huutafuta usiku. Mchana wadudu hao hujificha kwenye makato ya fimbo. Gizani hutoka kunyonya. Mama hupitisha kitambaa cheupe chini ya fimbo na kukitazama kwa tochi. Kikiwa na mistari myekundu, kesho yake fimbo zote hutolewa na kumwagiwa maji yanayochemka, na makato hupakwa mafuta ya taa. Kwenye viota huweka majani makavu ya mwarobaini. Maganda ya mpunga ya chumba cha vifaranga huyapima kwa ngumi: huyaminya na kufungua kiganja. Yakibaki donge, yamelowa, hutolewa. Yakiachana taratibu, ni sawa. Samadi ya chini ya kichanja hukauka kwa upepo na kuchukuliwa na wakulima wa mchicha, wanaokuja na viroba vyao.

Mvua za masika zilipokwisha, fundi alirudi kukagua bila kuitwa. Aligonga nguzo moja moja kwa kitako cha nyundo akisikiliza, akabadilisha kola moja iliyokuwa imeanza kutu, akarudisha misumari miwili ya bati iliyoinuliwa na upepo. Kisha akaingiza kichwa ndani na kukaa humo kimya.

"Haya mapazia ya kwenye masanduku, mayu, nani kayaweka?"

Ni mama mwenyewe. Tetea mmoja alikuwa ameanza kula mayai, akifundisha na wenzake. Mama akaona kuwa asipoyaona hatayadonoa, akaning'iniza vipande vya kiroba mbele ya kila sanduku, vikiacha upenyo wa kichwa tu. Ulaji wa mayai ukakoma.

Fundi alivuta pazia moja, akaliachia. Akatoa futi kamba, akapima urefu wake, akapima na upenyo uliobaki chini, akaandika tarakimu zote mbili kwenye ubavu wa kile kipande chake cha mti mgumu.

"Na kwa nini kiroba? Kanga si ingekuwa laini kwao?"

"Kanga inafuga utitiri, fundi. Kiroba unakifuta, unakirudisha."

Akaongeza neno hilo chini ya tarakimu, kwa herufi ndogo, kisha akamwita kijana alete misumari ya inchi moja ili mapazia hayo yatundikwe kwenye vijiti vinavyochomoka.